Jina la Karata Si Pambo

Wako wachezaji wa karata wasemao kwamba jina lililoandikwa juu ya karata ni pambo tu, na kwamba mwenye akili hutazama nguvu ya karata akayaacha mengine kwa watoto. Usemi huu umeenea sana miongoni mwa wafuasi wa mchezo wa Kimarekani uitwao Magic: The Gathering, na kwa kuwa umeenea, wengi wamedhani kuwa ni kweli. Si kweli. Ni usemi wa mtu aliyeingia nyumba ya watu, akahesabu milango na madirisha, akatoka bila kuuliza wenyeji ni nani.

Mchezo wenyewe ulitolewa mwaka 1993. Mtungaji wake, Richard Garfield, ni mwanahisabati aliyepata shahada ya udaktari mwaka huo huo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Haufanani na karata zichezwazo barazani. Katika karata za barazani iko jozi moja ya karata 52, za kopa, shupaza, uru na pau, na wachezaji wote hula katika chungu hicho kimoja. Katika mchezo wa Garfield kila mchezaji huja na jozi yake mwenyewe, aliyoichagua karata kwa karata kutoka katika maelfu yaliyochapishwa. Kila karata ina jina, picha na maneno ya kueleza kazi yake, na aghalabu ina rangi moja au zaidi katika rangi tano: nyeupe, samawati, nyeusi, nyekundu na kijani. Mchezaji hujifanya mchawi. Karata za ardhi humpa nguvu iitwayo mana. Kwa mana huita viumbe na kufanya uchawi, hata uhai wa mwenzake, ambao mwanzoni ni 20, ufikie sufuri.

Sheria ya mashindano ya kawaida husema kwamba jozi isipungue karata 60, na kwamba karata za jina moja zisizidi 4, isipokuwa ardhi za msingi. Msomaji na aitazame sheria hiyo kwa makini. Haikusema karata za nguvu moja, wala za picha moja; ilisema karata za jina moja. Karata mbili zaweza kufanya kazi ile ile bila tofauti yoyote, lakini zikiwa na majina mawili, mchezaji ana ruhusa ya kuchukua 4 za hii na 4 za ile. Basi wale wasemao kwamba jina ni pambo hucheza kila siku chini ya sheria ihesabuyo kwa majina. Kete za bao ni 64, nazo hazina majina; hapana mtu alaumiwaye kwa kutozitofautisha. Karata hizi zilizaliwa na majina.

Jozi yenye maudhui ni ile ambayo mtungaji wake amechagua jambo moja, kama vile kabila la viumbe, nchi, hadithi au tabia, akaapa kutotia ndani karata isiyohusiana nalo. Mpinzani hucheka. Husema kwamba mtu huyo amejifunga kamba miguuni kabla ya mbio kuanza. Kicheko hicho kingewafaa pia washairi. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na sheria hizo za vina na mizani ni kamba za namna hiyo hiyo. Mshairi awekaye mizani 16 katika mstari, 8 huku na 8 kule, amejinyima maneno mengi mazuri. Lakini kwa kujinyima analazimika kutafuta, na katika kutafuta hupata neno ambalo mtu asiye na kina asingelifikiria kamwe. Kizuizi ndicho kimpelekacho mbali.

Ushahidi wa kwanza kwamba jina na kazi vyaweza kuwa kitu kimoja umo katika nyongeza ya kwanza ya mchezo huu, Arabian Nights, iliyotolewa Desemba 1993, ambayo Garfield aliitunga kwa kufuata Alfu Lela Ulela. Imo karata ya Ali Baba. Kiumbe huyu ni dhaifu, lakini kwa mana nyekundu moja huweza kuulaza ukuta wa adui, na ukuta uliolazwa hauwezi kuzuia mtu. Asiyejua hadithi ya pango na wezi arobaini huona karata hafifu. Aijuaye huona mwamba ukifunguka. Limo yai la ndege Rukh: likivunjwa, zamu haiishi ila ametokea ndege mkubwa arukaye. Imo karata ya Shahrazad, iwaamuruyo wachezaji kuusimamisha mchezo wao na kuanza mwingine ndani yake kwa karata zilizosalia, na asiyeshinda mchezo wa ndani hupoteza nusu ya uhai wake katika mchezo wa nje. Hadithi ndani ya hadithi, na uhai ukiwa rehani! Wasimamizi wa mashindano wameikataza, kwa kuwa huurefusha mchezo kupita kiasi. Lakini hata katazo hilo ni sifa, maana mfalme Shahriyari naye alicheleweshwa kwa hila iyo hiyo.

Ushahidi wa pili ulitolewa na wachapishaji wenyewe. Mwaka 2020 kampuni ya Wizards of the Coast iliziondoa karata 7 katika mashindano yote rasmi, na miongoni mwake zilikuwamo mbili za ile nyongeza ya 1993, Jihad na Stone-Throwing Devils. Hazikuondolewa kwa kuwa na nguvu mno. Ziliondolewa kwa sababu ya majina yake, picha zake na maneno yake, yaliyohesabiwa kuwa dharau kwa jamii za watu na tamaduni zao. Kama jina ni pambo tu, la nini kufukuza karata kwa ajili ya pambo? Kampuni ilikiri kwa tendo kile ambacho wachezaji wengi hukikana kwa mdomo.

Lakini hoja hupimwa kazini. Mwaka 1996 ilitolewa nyongeza iitwayo Mirage, ambayo hadithi yake imewekwa katika bara la kubuni la Jamuraa, lililochorwa kwa mfano wa Afrika. Ndani yake wamo grifini, wanyama wa kubuni wenye kiwiliwili cha simba na kichwa na mbawa za tai. Mkuu wao ni Zuberi, jina ambalo mtu wa pwani huliitikia bila kufikiri. Kila grifini mwingine aliye pamoja naye huongezewa nguvu. Chini yake wako Ekundu Griffin, awahiye kupiga kabla ya kupigwa. Unyaro Griffin, ajitoaye mhanga ili kuuvunja uchawi mwekundu. Na Mtenda Griffin, arudiye mkononi mwa bwana wake pamoja na mwenziwe aliyekwisha kufa. Mtungaji akichukua 4 za kila mmoja wa hao watatu, na Zuberi 2, amepata karata 14. Akiongeza ardhi 24, amefika 38.

Sasa hutokea tabu. Wale watatu huhitaji mana 4 kila mmoja, na Zuberi huhitaji 5. Kwa kuwa mchezaji huweka ardhi moja tu katika kila zamu, zamu 3 za mwanzo zitapita mikono mitupu, na adui mwepesi hatangoja. Mwigaji wa orodha za washindi angetia hapa karata yoyote ya bei rahisi. Mtungaji wa maudhui hujiuliza swali jingine: katika nchi ya grifini, ni nani awatanguliaye njiani? Jibu limo katika nyongeza ile ile: Mtenda Herder, mchunga wa Mtenda, ahitajiye mana nyeupe moja tu. Mchungaji hutoka alfajiri, mifugo yake yenye mbawa humfuata. Tatizo la hesabu limepungua kwa jibu la hadithi, na jozi imekuwa na mwanzo, katikati na mwisho. Hivyo ndivyo kina kinavyomzalia mshairi neno.

Mpinzani ana turufu moja bado, nayo ni kusema kwamba jozi hiyo itashindwa. Ni kweli, mbele ya jozi kali za mashindano itashindwa mara nyingi, na mtetezi wa maudhui hapaswi kulificha jambo hilo. Lakini yafaa kuuliza ni nani ashindaye upande wa pili. Mtu anakiliye karata 60 kutoka katika orodha ya bingwa wa juzi amekopa ushindi, na kushinda kwake ni kama kughani shairi la mwingine kwa sauti nzuri. Sauti ni yake, shairi si lake. Haina shaka kwamba kucheza vema ni ustadi, na aliyenao astahili sifa zake. Kutunga ni ustadi mwingine, na mchezo huu ulifanywa hivyo kwamba kila mchezaji aweze kuwa mtungaji. Atupaye nusu hiyo ya mchezo hana haki ya kuwaita watoto wale waliobaki nayo.

Baada ya kusema hayo, hapana budi kuwageukia marafiki wa maudhui, maana nao wana kosa lao, na kosa la rafiki hudhuru kuliko kicheko cha adui. Wengi wao hutosheka na mlio wa jina. Mtazame yule Ekundu Griffin. Kama jina hilo lilichotwa katika Kiswahili, kama mlio wake uonyeshavyo, basi lilichotwa nusu. Ekundu ni mzizi wa kivumishi usiosimama peke yake. Mswahili husema mwekundu, nyekundu, chekundu, na mzizi ulio uchi haumwambii neno. Tena karata hiyo ni nyeupe! Mtetezi atajibu kwamba Ekundu ni mahali katika nchi ya kubuni. Vema, lakini hata mahali hupewa jina na wenyeji, na wenyeji husema lugha yenye sarufi. Nchi iliyobuniwa kwa uangalifu katika milima na wanyama wake, kisha ikapewa majina kama chumvi inyunyizwavyo juu ya chakula, imebuniwa nusu.

Si kwamba kila jina lilikosewa. Katika nyongeza ile ile yumo mnyonya damu mweusi aitwaye Shauku. Kila zamu yake inapoanza, bwana wake hupoteza uhai 3. Akilazwa, humwondoa kabisa kiumbe mwingine mchezoni, naye huongezeka nguvu. Wala hawezi kushambulia mpaka awe amebaki peke yake uwanjani. Je, shauku ikizidi haifanyi hivyo hasa? Humla mwenye kuifuga, huwamaliza walio karibu naye, na humwacha pekee. Mchezaji wa Chicago aweza kuishika karata hiyo miaka 20 asilione jambo hili. Mtoto wa Tanga hulisoma mara moja. Mwenye lugha ana ufunguo ambao bingwa wa mashindano hana.

Basi wajibu wa mchezaji asemaye Kiswahili ni mkubwa kuliko wa wengine. Asifurahie tu kwamba maneno yanayofanana na ya kwao yamechapishwa ng'ambo katika karata za thamani. Kufurahia mlio bila kupima maana ni kukubali lugha iwe ngoma ya kupamba harusi ya watu. Na ayapime majina kama mhakiki apimavyo vina: lililo sawa alisifu, lililopotoka aliseme wazi, kisha atunge jozi ambayo kila jina ndani yake lina sababu ya kuwapo. Na wale watakaotunga karata zao wenyewe kwa Kiswahili wataanzia hapo, kwa kumpa kila kiumbe jina linaloieleza kazi yake, na kazi isiyolisaliti jina.

Atakayeendelea kusema kwamba hayo yote ni pambo, na ajaribu kucheza kwa karata 60 zilizofutwa majina. Ataona jinsi atakavyoanza, kabla ya zamu ya tatu, kuyabuni majina yake mwenyewe.