Polisi Hospitalini si Polisi wa Hospitali

Mnamo Mei 2023, Brian Kemp, gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, alitia sahihi sheria ambayo, mbali na kuongeza adhabu kwa wanaowashambulia wahudumu wa afya, inaziruhusu hospitali za jimbo hilo kuunda vikosi vyao wenyewe vya polisi. Hapa hatuzungumzii mabawabu wa kufungua lango na kumwuliza mgeni anakwenda wodi ipi. Tunazungumzia polisi kamili, wenye mamlaka ya kumtia mtu pingu, ambao mshahara wao unatoka katika mfuko wa hospitali. Jambo hili linaweza kuonekana kuwa la mbali, lakini baada ya yaliyotokea mwaka 2025 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambako wagonjwa wawili waliuawa wakiwa wodini, mmoja Februari na mwingine Julai, si ajabu siku moja tukasikia pendekezo kama hilo likitolewa katika bunge letu. Ningependa siku hiyo itukute tumekwisha kulitafakari.

Asije msomaji akadhani kwamba watu wa Georgia walikurupuka. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba mwaka 2018 asilimia 73 ya majeraha yasiyo ya kifo yaliyosababishwa na ghasia kazini yaliwapata wafanyakazi wa afya. Juni 2022, mjini Tulsa katika jimbo la Oklahoma, mwanamume aliyelalamikia maumivu baada ya kupasuliwa mgongo alinunua bunduki, akamwendea daktari aliyempasua, akamuua pamoja na watu wengine watatu. Mnamo Mei 2023, mwezi ule ule wa kutiwa sahihi kwa sheria ya Georgia, mtu mwingine alifyatua risasi katika chumba cha kungojea cha jengo la matibabu mjini Atlanta. Mwanamke mmoja akafa na wengine wanne wakajeruhiwa. Muuguzi anayekesha akiwageuza wagonjwa vitandani hastahili kufanya kazi hiyo huku akitazama mlango kwa hofu. Hoja ya usalama, basi, ni hoja ya kweli, na anayeipuuza hajapata kulala wodini.

Taaluma yangu ni isimu, si sheria, na kwa hivyo nitaomba radhi kuanzia katika uwanja wangu. Kiswahili kina namna mbili za kulieleza jambo hili. Tukisema "polisi hospitalini", kiambishi -ni kinatuambia mahali tu: polisi yupo pale, lakini hatujaambiwa ni wa nani. Tukisema "polisi wa hospitali", a-unganifu inatufungulia suala la umilikaji. Najua kuna mwanafunzi atakayeinua mkono mara moja kunikumbusha kwamba a-unganifu haionyeshi umilikaji daima, kwamba maji ya moto hayamilikiwi na moto wala daktari wa meno hamilikiwi na meno. Ni kweli kabisa. Lakini meno hayamlipi daktari mshahara, hayampandishi cheo wala hayamfuti kazi. Hospitali itamfanyia polisi wake yote matatu.

Isitoshe, neno letu "askari", tulilolichukua kutoka Kiarabu, limebebeshwa mzigo mzito mno. Mwanajeshi ni askari, polisi ni askari, mzee wa langoni mwenye rungu na tochi ni askari, na yule wa jiji anayewafukuza wachuuzi wa ndizi, ambaye umma umembandika jina la kanjo, naye ni askari. Lugha haiwatofautishi, ni sheria inayopaswa kuwatofautisha. Polisi tumempa nguvu za kututia nguvuni kwa sababu tumekubaliana kwamba anazitumia kwa niaba yetu sote, na akikosea tunajua ni wapi pa kumshtaki. Akishaajiriwa na mmoja wetu, nguvu zinabaki zile zile ilhali sababu ya kumpa imetoweka.

Wamarekani wenyewe waliwahi kulijaribu jambo hili katika uwanja mwingine. Mwaka 1865 jimbo la Pennsylvania liliyaruhusu makampuni ya reli kuwa na polisi wao, na mwaka uliofuata ruhusa hiyo ikapanuliwa kuyafikia makampuni ya makaa ya mawe na chuma. Hoja iliyotolewa haikuwa mbaya: mali ilikuwa nyingi, migodi ilikuwa mbali na miji, na serikali haikuwa na polisi wa kutosha. Lakini polisi hao waligeuka kuwa fimbo ya mwajiri dhidi ya wachimba migodi, hasa nyakati za migomo, na kumbukumbu ya vitendo vyao ilibaki chungu hata Gavana Gifford Pinchot akawafutia vyeti vyao mwaka 1931. Zaidi ya miaka sitini ilipita kabla ya kosa hilo kurekebishwa.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hospitali si mgodi. Naam, na ndiyo maana hatari yake ni ya namna nyingine. Agosti 2015, mjini Houston, kijana mmoja mwanafunzi aliyekuwa amechanganyikiwa akili alilazwa katika hospitali ya St. Joseph akitafuta msaada. Maafisa wawili wa polisi, waliokuwa wakifanya kazi ya ziada ya ulinzi pale hospitalini, waliingia katika chumba chake. Walimpiga kwa kifaa cha umeme, kisha mmoja wao akampiga risasi kifuani. Alinusurika, lakini alipokuwa bado kitandani alikuta amekwisha kufunguliwa mashtaka ya kuwashambulia maafisa, mashtaka ambayo hayakufika popote. Tazama jinsi mtu alivyobadilishiwa jina katika muda mfupi: aliingia akiwa mgonjwa, akageuka mshukiwa, kisha mshtakiwa, na wakati wote huo maradhi yake yalikuwa yale yale. Kwa muuguzi, mtu anayepiga kelele na kurusha sahani ana dalili inayohitaji tiba. Kwa mwenye bastola na pingu, huyo anavunja sheria. Hatuwezi kumlaumu polisi kwa kuona kama polisi, ndivyo alivyofunzwa.

Kuna na suala la silaha yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichunguza visa 154 vya ufyatuaji risasi vilivyotokea katika hospitali za Marekani kati ya 2000 na 2011, wakachapisha matokeo yao mwaka 2012. Waligundua kwamba katika vyumba vya dharura, asilimia 23 ya visa hivyo vilitendwa kwa bunduki ambayo mhalifu alimpokonya mlinzi. Karibu kisa kimoja kati ya kila vinne! Silaha iliyoletwa kuwalinda wagonjwa ndiyo iliyotumika.

Cha ajabu ni kwamba chuo hicho hicho cha Johns Hopkins, chenye hospitali mashuhuri mjini Baltimore, kiliomba na kupewa na bunge la Maryland mwaka 2019 kibali cha kuwa na polisi wake, mamlaka yao yakifika hadi eneo la hospitali. Wanafunzi walipinga kwa kukalia jengo la utawala kwa takriban mwezi mmoja, na miongoni mwa wahadhiri pia wamo waliopinga. Wabunge nao waliona haja ya kuweka bodi ya kuwawajibisha polisi hao. Wangeona haja gani ya bodi maalumu kama polisi wa mwajiri binafsi angekuwa sawa na polisi mwingine yeyote?

Turudi nyumbani. Katiba yetu ya 2010, katika ibara ya 247, inaliruhusu Bunge kuunda huduma nyingine za polisi, lakini chini ya usimamizi wa Huduma ya Taifa ya Polisi na amri ya Inspekta Jenerali. Nionavyo mimi, maana yake ni kwamba hospitali ikitaka polisi wa kumwamuru yenyewe, Katiba haina nafasi ya mtu huyo. Na kama polisi huyo yuko chini ya Inspekta Jenerali, basi si wa hospitali.

Lakini sababu inayonikera zaidi si ya kikatiba. Ni bili. Mkenya yeyote anajua kwamba kazi moja kubwa ya askari wa lango la hospitali nyingi nchini ni kuhakikisha kwamba asiyelipa hatoki. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji Mumbi Ngugi, ilisema kwamba kuzuiliwa kwa akina mama wawili katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa sababu ya ada ambazo hawakuwa wamelipa kulikuwa kinyume cha sheria na kulikiuka haki zao. Walikuwa wamejifungua, wameruhusiwa na madaktari, na bado lango halikufunguka. Wakati huo aliyewazuia hakuwa na kibali chochote cha kumkamata mtu. Sasa mvike sare, mpe pingu na mamlaka ya kuandika mashtaka, kisha umwambie kwamba mshahara wake wa mwisho wa mwezi utategemea makusanyo ya hospitali. Je, mzazi huyo atakwenda kumlalamikia nani? Anayeshtakiwa na anayepokea mashtaka watakuwa wanakula katika chungu kimoja.

Nadhani pia tunapaswa kuyatazama mauaji ya Kenyatta kwa macho makavu kabla hatujayageuza kuwa hoja ya bunduki. Hospitali hiyo ina kituo cha polisi ndani ya ua wake. Mshukiwa aliyetajwa na polisi katika kisa cha Julai alikuwa yeye mwenyewe mgonjwa, na ni mahakama itakayoamua kama ndiye au siye. Hata tungelizungushia jengo lile kikosi kizima, kikosi hicho kingelikuwa nje kikiwachunguza wageni. Kilichohitajika kilikuwa jicho ndani ya wodi: muuguzi asiyeachiwa wagonjwa wengi kupita uwezo wake, mhudumu wa zamu ya usiku, taa isiyozimika, na utaratibu wa kumtenga na kumwangalia mgonjwa ambaye hali yake ya akili inatia shaka. Mambo hayo ni ghali, na hayana mvuto wa kupigiwa picha kama gwaride la maafisa wapya.

Kwa hivyo wahudumu wetu walindwe, na adhabu ya kuwapiga iwe kali kama sheria itakavyoruhusu. Walinzi wa lango wafunzwe namna ya kumtuliza mtu aliyepandwa na hasira au aliyefiwa punde, maana wengi wa wanaozua ghasia katika kitengo cha majeruhi ni jamaa waliokaa saa nyingi bila kuambiwa lolote. Inapobidi polisi waitwe, waje wale wanaolipwa na umma na wanaoweza kuchunguzwa na IPOA, wamshughulikie aliyetenda kosa, kisha waondoke wodini. Suala la bili libaki mezani pa karani wa fedha, na lango lifunguliwe kwa yeyote ambaye daktari amemruhusu kwenda nyumbani.