Maji ya Ruvu na Dhamana Yetu

Jambo likiharibika katika nchi, mmoja husema ni siasa, wa pili husema ni mashine mbovu, na wa tatu humnyoshea kidole jirani yake. Kila mmoja ana sehemu ya kweli, wala hapana aliye nayo yote. Sisi tukaao Kibaha na Kisarawe twaweza kulipima neno hili kwa maji tunywayo.

Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959; na baada ya kupanuliwa, uwezo wake uliongezeka kutoka lita milioni 82 hata lita milioni 196 kwa siku. Mwaka 2020 bomba litokalo Kibamba lilifikisha maji Kisarawe mjini, ambako dhiki ya maji ilikuwa ya miaka mingi. Viongozi walitoa fedha, mafundi wakalaza mabomba, nasi twashukuru.

Lakini mwaka 2022 mvua zilikosekana, na ilipofika Oktoba mto ulikuwa umepungua mno. Dar es Salaam na sehemu za Pwani zikaingia katika mgao wa maji. Mitambo ilikuwapo, ila mto haukuwa na maji ya kuitosha. Pampu haiumbi maji; huvuta yale tu aliyoyateremsha Mola.

Bwawa la Kidunda, la kuhifadhi maji ya masika yatumike wakati wa kiangazi, lilikuwa limezungumzwa kwa miongo ya miaka. Mkataba wa kulijenga ulitiwa saini Novemba 2022, kiu ilipokwisha kubisha hodi. Uamuzi ukikawia mezani, mlipaji ni mtoto wa maskini, abebaye dumu alfajiri badala ya kwenda chuoni.

Je, raia hana lake? Yuko achepushaye maji ya mto kwenda shambani mwake bila kibali. Yuko akataye miti ya mkaa kwenye vyanzo, na yuko anunuaye mkaa huo asiulize ulikotoka. Yuko ajiunganishiaye bomba kwa siri ili asilipe, na maji yakikatika huwa wa kwanza kulalamika. Na msikitini yuko atawadhaye huku bomba likimwagika ovyo, ilhali dini yetu yakataza israfu ya maji hata kwa aliye kando ya mto.

Basi, enyi wazazi, tengenezeni mabomba yavujayo, na kingeni maji ya mvua kwenye mabati yenu. Nanyi vijana, mwonapo bomba limepasuka njiani, toeni habari siku ile ile, msingoje mwingine aseme. Na katika mkutano wa kijiji au wa mtaa ulizeni kwa adabu: mradi umefikia wapi, na fedha zimetumikaje? Kiongozi ataulizwa uamuzi wake, na fundi kazi yake. Nasi tutaulizwa kata ya maji tuliyoimwaga bure, hali jirani yetu ana kiu.