Nafasi Ambazo Hazijapimwa

Seli inapotaka kuiamsha protini au kuizima, mara nyingi haitengenezi mpya. Huipachika iliyopo fosfati, kisha huiondoa kazi ikiisha. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliligundua hilo miaka ya 1950 walipochunguza jinsi misuli inavyovunja glikojeni, na mwaka 1992 wakatunukiwa Nobel. Swali gumu ni la mahali: kati ya amino asidi za serini, threonini na tirosini zote zilizomo katika protini moja, ni zipi hasa zinazopachikwa?

Kulijibu maabarani kunataka mashine ghali na muda mrefu. Ndiyo maana ujifunzaji wa kina (deep learning) wa kompyuta umepokewa kwa furaha, nasi wahariri wa jarida hili tumo miongoni mwa waliofurahi. Modeli kama MusiteDeep, iliyochapishwa mwaka 2017, husoma mfuatano wa amino asidi pande zote mbili za nafasi inayoulizwa, ikajitafutia yenyewe dalili za kuangalia.

Wasiwasi wetu uko kwenye data. Chukua serini ambayo haijaorodheshwa popote kuwa na fosfati. Wanaofundisha modeli huitia kwenye kundi la "hapana". Lakini huenda fosfati yake hukaa dakika chache tu, au hupatikana katika seli za ini ambazo hakuna aliyezipima. Modeli ikijibu "ndiyo" inahesabiwa imekosa, na pengine ndiyo iliyosema kweli. Halafu tunaletewa usahihi wa asilimia 95 kutoka kwenye data ambayo nafasi zenye fosfati ni 5 tu katika kila 100! Modeli inayojibu "hapana" kila mara ingepata alama hizo hizo.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili linagusa malaria. Binadamu ana vimeng'enya vya kupachika fosfati zaidi ya 500, na takriban 90 kati yake ni vya tirosini. Kimelea cha Plasmodium falciparum hakina kundi hilo la tirosini. Modeli iliyofundishwa kwa protini za binadamu ikipewa za kimelea, haisiti, hujibu tu. Mtafuta dawa akiyafuata majibu hayo anaweza kupoteza miaka.

Kwa hiyo tunawaomba waandishi wetu: tuelezeni data ya "hapana" mliipata wapi, msiache protini zinazofanana zikawa kwenye mafunzo na kwenye mtihani pia, na walau nafasi chache mlizotabiri zipelekeni maabara zikapimwe kabla hamjatuletea makala.