Kifafa cha Mimba: Hospitali Kwanza



Wapenzi wasomaji, juma hili twazungumzia jambo ambalo majumbani mwetu husemwa kwa kunong'ona. Mja mzito, au mzazi aliye ndani ya arubaini yake, hukaza viungo ghafla, macho yakapinduka na mwili ukatukutika. Papo hapo ubani hutiwa chetezoni na mjumbe akatumwa kwa mwalimu. Saa hupita, na gari la kwenda hospitali halijatafutwa.

Hatukanushi yaliyo ghaibu. Lakini mtukutiko kwa mwanamke ambaye mimba yake imepita majuma 20, au aliyejifungua karibuni, hata majuma 6 baadaye, na uhesabiwe kuwa ni kifafa cha mimba mpaka daktari aseme vingine. Ni maradhi yanayohusiana na kondo la nyuma. Hupandisha shinikizo la damu, yakadhuru figo, ini na ubongo, na yaweza kumuua mama na mwana.

Mara nyingi maradhi haya hutanguliwa na dalili. Nazo ni kichwa kuuma sana bila kutulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, na uso na mikono kuvimba ghafla. Miguu kuvimba jioni ni kawaida kwa waja wazito wengi; uso kuvimba si kawaida. Presha ikifika 140 kwa 90 yataka daktari siku hiyo hiyo. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura. Wako pia wasiohisi lolote, ndiyo maana kliniki hupima presha na mkojo kila mara. Aliye na mimba ya kwanza, mwenye pacha, mwenye kisukari au presha ya zamani, na aliyewahi kupatwa, wazidishe hadhari.

Mtukutiko ukitokea, mlazeni kwa ubavu wa kushoto na mwondoe vitu vya kumuumiza. Msimkandamize, wala msimtie kijiko mdomoni. Asinyweshwe chochote, hata maji ya kombe, kwani asiye na fahamu hupaliwa na maji yakaingia mapafuni. Angalieni saa ulipoanza, kisha mwende hospitali mara moja, hata kama umekoma na amezinduka. Mwenye kusoma na asome njiani. Dua haizuiliwi na mwendo wa gari.

Huko hospitali iko sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba wenye maradhi haya wakidungwa mapema, hatari ya kupatwa na kifafa hupungua kwa zaidi ya nusu. Pamoja nayo hutolewa dawa za kuteremsha presha, na madaktari huamua wakati wa kumzalisha mama.

Basi tuwaombe nini ndugu zetu? Waume walio safarini, melini au Arabuni, watoe idhini mapema, ili mavyaa au shemeji asingoje simu ipokelewe. Nauli iwekwe kando, na nambari ya dereva wa usiku ijulikane. Nanyi mama zetu mnaowauguza wazazi, msidhani hatari imekwisha mtoto alipolia. Mzazi akilalamika kichwa ndani ya arubaini, msimwambie ni uchovu tu. Mtoeni akapimwe presha. Arubaini haivunjwi na kutafuta tiba.

Kutawakali hakuondoi wajibu wa kufanya sababu. Mwenyezi Mungu awahifadhi waja wazito wetu, awape wazazi afya, na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.