Sungura Wawili Si Wawili

Mwezi huu tuongee habari ya sungura, maana watoto darasani wanawataka na ninyi mnatuuliza: tuwanunulie?

Sungura ni mzuri kufuga kwa kujifurahisha. Hana kelele, anakaa padogo. Lakini ukiweka jike na dume pamoja, ujue hesabu yake. Mimba ni siku 31 tu, na jike anaweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa. Akizaa sita, mwezi unaofuata sita tena, nani atakwenda kukata majani? Ni mtoto, tena mara nyingi msichana, na kiangazi majani yako mbali, nje ya kambi. Huko hatutaki aende peke yake. Hiyo ndiyo bei ambayo muuzaji haitaji.

Kwa hiyo dume akae kibanda chake. Jike asipandishwe kabla ya miezi sita, na apelekwe yeye kwa dume. Ukimleta dume kwake atamuuma, maana pale ni kwake. Wakishapandana mrudishe. Siku ya 28 mwekee kisanduku chenye nyasi kavu. Atanyonyoa manyoya yake mwenyewe atandike.

Vitoto huzaliwa uchi, macho yamefumba mpaka siku ya 10 hivi. Basi watu wanaona mama hakai nao, wanasema amewatupa. Hapana! Sungura hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu. Matumbo yao yakiwa yamejaa, waacheni. Watoto wa mtaa wakichungulia kila saa, mama anaogopa, na anaweza hata kuwala wanawe. Akikosa maji vilevile. Maji kila siku jamani, hata siku ya foleni ndefu bombani.

Sakafu iwe kavu. Mavi na unyevu vinaleta kuhara kunakomaliza vitoto vyote. Kabla ya miezi mitatu tengeni madume na majike, ndugu wasipandane.

Na kitoweo je? Semeni mapema yupi ni wa sufuria, kabla watoto hawajampa jina. Akishaitwa jina, chakula hicho kitaliwa kwa machozi.

Anayeanza, aanze na jike mmoja. Dume aazime kwa jirani, amwangalie kwanza masikio kama hana upele, na wapatane malipo mapema, hata kama ni kitoto kimoja.