GITAA HALIKUWA BOVU KAKA STAA, SWICHI ZIMEKUSHINDA!

Leo sina picha za harusi wala habari ya nani kaachana na nani. Leo natoa povu, mnisamehe mapema.

Wengi mliiona ile klipu. Staa wetu mmoja (jina kapuni, ila mnamjua, miwani myeusi hata usiku) alikuja kusalimia nyumbani, akapitia kwenye mazoezi ya kwaya moja hapa mjini. Akapewa gitaa la umeme la kwaya apige kidogo, watu washangilie, simu zote juu. Akapeleka swichi ya juu upande mwingine, sauti ikawa nzito kama mtu anaongea chini ya blanketi. Akairudisha, akabonyeza swichi mbili za chini, sauti ikakata kabisa. Kacheka. Kaigeukia kamera kasema gitaa ni bovu, la kizamani, ndo maana muziki wa mkoani hauendi mbele. Maelfu ya watu wamecheka naye.

Mimi nilikuwepo pale, nimekaa kwenye benchi la nyuma. Na lile gitaa nalijua tangu nipo darasa la tano.

Wacha nieleze, maana najua humu ndani kuna watu hawajawahi kushika hata gitaa la boksi. Magitaa mengi ya umeme hayana tundu la sauti. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, wapigaji wanaziita pikapu. (Siyo ile ya kubeba mahindi kutoka Majimoto, tulia.) Uzi ukitetemeka juu ya sumaku, umeme kidogo sana unazaliwa kwenye ule waya, unakwenda kwenye amplifaya. Pikapu ya mbele, karibu na shingo, inasikia uzi pale unapocheza kwa upana, kwa hiyo sauti inakuwa nene, ya kulala. Ya nyuma, karibu na daraja, inasikia uzi pale ulipokazwa, sauti inatoka kali na nyembamba. Vile vitufe vya kuzungusha ni vya sauti na toni. Ukipunguza toni, kapasita inaupeleka ule ukali ardhini, unabaki na unene.

Hayo ni ya magitaa mengi. Sasa hili la kwaya ni la mtindo wa Fender Jaguar. Sisemi limetengenezwa Marekani, jina kichwani limeshafutika na mimi siyo mtaalamu wa mihuri. Ila mpangilio wake ni ule ule uliotoka mwaka 1962, na huo mpangilio ni wa ajabu kweli, hapo nampa staa haki yake. Chini kuna kibati chenye swichi tatu ndogo. Ya kwanza inawasha na kuzima pikapu ya mbele. Ya pili, pikapu ya nyuma. Ukizima zote mbili unapata kimya, ndugu yangu, kama ukizima taa zote sebuleni unapata giza. Hakuna kilichoharibika!

Ya tatu ndiyo naipenda. Hiyo inakata besi. Sauti inabaki nyembamba, inachoma, kama inatoka kwenye redio ndogo ya betri. Ukiipiga peke yako chumbani unaweza ukasema takataka hii. Ipige katikati ya bendi uone. Besi iko chini, ridhimu katikati, ngoma zinaunguruma, na wewe na kisolo chako unapita juu kabisa bila kumkanyaga mtu. Sikilizeni Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, au Tabora Jazz ya jirani zetu hapo juu kwenye reli. Kila gitaa lina njia yake. Sisemi walikuwa na Jaguar, nasema walijua kila gitaa lisikike wapi. Na zile za Radio Tanzania zilirekodiwa bendi nzima ikipiga kwa pamoja, hakukuwa na kompyuta ya kuja kurekebisha baadaye. Sauti ilipangwa vidoleni na kwenye vitufe kabla mtu hajahesabu moja mbili tatu.

Halafu ile swichi ya juu, iliyomfanya staa acheke. Ukiipandisha, unahamia njia nyingine kabisa ndani ya gitaa. Inafanya kazi pikapu ya mbele tu, na vile vitufe vya chini vyote vinakuwa kama vimelala. Pembeni ya swichi kuna vigurudumu viwili vidogo vimezama kwenye kibati, kimoja cha sauti, kimoja cha toni, vya njia hiyo tu. Maana yake nini? Unapanga ridhimu yako mapema, nzito na ya upole, waimbaji waimbe juu yake. Ikifika solo unashusha swichi kwa kidole kimoja, pap, sauti kali imetoka. Solo ikiisha unapandisha, unarudi ulipokuwa. Hujainama, hujagusa amplifaya.

Na hicho ndicho mzee wetu wa kwaya alikuwa anafanya miaka yote. Simtaji jina, hapendi mambo ya mitandaoni. Alishapata mahali pake kwenye vile vigurudumu, akabandika kipande cha plasta ya kidonda ili visisogee. Mimi mtoto nilidhani gitaa limeumia. Siku ya mazoezi ile, staa alikibandua kile kiplasta na kukirusha chini, mzee yupo mita tatu tu, amekaa, mikono magotini. Hakusema kitu. Kwenye klipu haonekani, kamera haikumgeukia.

Kama ingeishia hapo nisingeandika. Kucheka tumechekwa sana sisi watu wa Mpanda, treni yetu wameicheka, umeme wetu wa jenereta miaka ile waliucheka, tumezoea.

Haikuishia hapo. Wiki iliyofuata viongozi wa kwaya, kwa aibu ya ile klipu, wakampelekea fundi mmoja "alitengeneze". Fundi naye kaiona klipu. Akang'oa kibati cha juu chote, swichi tatu za chini akazitoa, kapasita akatupa, akaunga pikapu ya nyuma moja kwa moja hadi kwenye tundu la waya. Akaacha kitufe kimoja cha sauti. Akalipwa. Sasa gitaa linatoa sauti moja tu, kali, muda wote, na linanguruma ule mngurumo wa umeme hata usipopiga. Ukishika nyuzi ndo linazidi, kitu kinachoonyesha waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja haukurudishwa. Yaani gitaa lilikuwa zima, sasa hivi ndo bovu.

Simlaumu sana fundi. Aliambiwa na mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wakazi wa kata yake kwamba zile swichi ni ugonjwa.

Najua mtakachosema, maana kuna mdau alishanitumia meseji. Kwamba hata Kurt Cobain wa Nirvana alipiga Jaguar iliyofumuliwa. Kweli kabisa. Ya kwake ilikuwa ya mwaka 1965, aliinunua ikiwa tayari imebadilishwa, na pikapu zake siyo zile za kiwandani. Lakini aliyeibadilisha alitaka sauti fulani, akaweka pikapu nyingine za kuitoa. Alitoa akaweka. Wa kwetu alitoa akafunga skrubu.

Mwingine atasema zile swichi zinasumbua, mkono unazigonga katikati ya wimbo sauti inapotea. Nalo ni kweli, wapigaji wengi duniani wanalalamika hivyo, na mimi mwenyewe imenikuta nikajua nimekufa mbele za watu. Dawa yake ni kujifunza mkono upite wapi. Au bandika plasta, kama mzee.

Kinachoniuma ni hawa watu wetu wa studio wanaowaambia madogo "weka vitufe vyote kumi, utamu nitauweka mimi kwenye kompyuta". Nimeambiwa hivyo mwenyewe, na prodyuza ambaye simtaji, nikiwa nimelipia saa mbili. Nikashusha toni nusu, akapandisha. Nikaenda pikapu ya mbele, akasema sauti ya kanisani hiyo. Sasa dogo wa Makanyagio au Nsemulwa atajuaje kwamba gitaa lake lina sauti sita ndani, kama kila mtu mkubwa kwake anamwambia iko moja? Na staa mwenyewe kwenye video yake mpya kashika gitaa jekundu zuri kweli, tazameni vizuri dakika ya kwanza, tundu la waya liko wazi. Hakuna waya uliochomekwa popote. Na hilo hakuna aliyelicheka.

Kaka staa, hii ikikufikia, usiniblock. Mzee bado yupo, Jumamosi jioni anakaa na kwaya kama kawaida, siku hizi anapiga kayamba. Ukija tena, njoo bila kamera umwombe akuonyeshe ile swichi ya juu ilikuwa ya nini.

Na wewe fundi, najua unasoma humu maana uliwahi kukomenti kwenye habari ya kiboko wa Sitalike. Kibati cha juu chenye vigurudumu viwili, swichi zote nne na kile kipapasita cha rangi ya udongo: kama bado vipo kwenye boksi lako la vyuma, usiviuze kwa kilo. Nimeshapata mtu wa kuviunga upya, na mchoro wa nyaya ninao kwenye simu. Nicheki inbox, hela ya soda ipo.