Kuni za motokari: tupime mbele ya kulipa

Wandugu wachimbaji, ku depo kila siku tunalia juu ya balansi. Mutu analeta mifuko yake, wanapima, wanatosha kilo za maji, kiisha mashini inasema teneur iko chini. Ile kilio ni ya kweli. Lakini siku ya kununua kuni, sisi wenyewe hatupimi kitu. Tunaangalia motokari kwa macho, tunasema "imeyala", tunatosha feza.

Mu kipwa hii, jamaa 3 za avenue yetu tulichanga juu ya kuchoma matofali. Motokari ikafika: kitanda yake meta 4 ya urefu, meta 2 ya upana, kuni zimepanda meta 1 na nusu. Dereva akasema: "Bakubwa, hii ni meta kibe 12." Bei franga 600 000, ni kusema 50 000 kwa meta moja. Tuliona ni muzuri, tukalipa. Kiisha vijana wakapanga zile kuni ku ukuta, muti juu ya muti. Zikatoka meta 8. Basi kila meta ilitufikia 75 000.

Moto haukutosha. Matofali ya upande moja yalibaki mabichi, na yalikuwa ya mama moja mufiwa, ule alikuwa anangojea kutoka mu nyumba ya kupanga. Sasa anangojea kipwa ingine.

Hatusemi dereva aliiba. Kuni za kutupwa ovyo mu kitanda, na matawi ya kupinda katikati, zinaacha nafasi mingi. Hata zile za kupanga muzuri, mu meta moja karibu sehemu moja kwa tatu ni upepo tu. Lakini yeye anajua ile mambo, na sisi hatukuuliza.

Tena kuko maji. Mu kilo 10 za kuni za kukatwa juzi, kilo 4 zinaweza kuwa maji, na moto inafanya kwanza kazi ya kukausha. Ku depo wanatosha maji mu mawe yetu. Sisi hatutoshi hata franga moja mu kuni mbichi! Gonga vipande viwili: ya kukauka inalia, mbichi inanyamaza. Angalia ku kichwa ya muti kama imepasuka.

Na aina ya muti: mubanga ao muputu ni nzito, inashika moto kwa murefu. Muti ya mayembe ni mwepesi. Meta ni moja, moto si moja. Mama zetu wa ku nyumba wanajua hii kupita sisi, lakini siku ya motokari hakuna mutu anawaita.

Kuko watu watasema tunataka kunyonya mukata-kuni. Hapana. Ule mutu analala mu pori, anabeba ku bega, ku barieri analipa. Kama meta moja ni 75 000, aseme 75 000, tutasikilizana ao tutakataa. Kitu tunakataa ni kulipa meta 12 na kuchoma 8.

Tunaomba wakubwa wa kartie waweke, pale motokari zinasimama, miti 4 ya meta moja moja, ya kupigwa misumari kama dirisha. Kazi ya saa moja kwa fundi. Mutu apange kuni zake mule, wote waone.

Ku avenue yetu hatukungojea. Motokari ya pili, tulisema: shusha, panga, kiisha feza. Dereva alikasirika, akawasha motere, akazunguka mpaka ku kona. Akarudia. Zilitoka meta 9, na 2 kati yake mbichi. Tulilipa 7 za kukauka kwa 75 000. Zile mbichi tulimupa 45 000 kwa meta moja, zingoje mwaka kesho. Alichukua, na akatuachia numero yake ya telefone.